Kadhi Mwenye Kalamu: Sheikh Ali bin Hemedi el-Buhriy na Sheria ya Mrima

Wasomi wetu wanapoitaja Tanga katika habari za uandishi wa Kiswahili, mara nyingi huanza na Shaaban Robert na kuishia papo hapo. Hapana ubaya katika desturi hiyo, kwa kuwa mtoto yule wa Vibambani, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, alistahili kila sifa aliyopewa. Walakini sifa zake zimewafunika watu wengine wa pwani hiyo hiyo, na mmoja wao ni Sheikh Ali bin Hemedi el-Buhriy, kadhi wa Tanga. Vitabu vyake havikuandikwa ili visomwe kwa starehe barazani baada ya sala ya alasiri. Viliandikwa ili vifunguliwe pale watu wanapogombana juu ya mali ya maiti au juu ya ndoa iliyovunjika, na labda ndiyo sababu watu wa fasihi hawakuvitazama.

Katika nchi nyingine za watu weusi, kazi ya sheria, kazi ya kuandika na kazi ya kuhariri gazeti zilikutana mara nyingi katika mtu mmoja. Huko Chicago, Marekani, Ferdinand Barnett alikuwa wakili, naye alikuwa miongoni mwa walioanzisha gazeti la Conservator mwaka 1878, miaka kumi na mitatu tu baada ya utumwa kukomeshwa katika nchi ile. Katika Afrika ya Magharibi alikuwako J. E. Casely Hayford wa Gold Coast, nchi ambayo leo huitwa Ghana. Mtu huyu alikuwa wakili, akahariri gazeti la Gold Coast Leader, akatoa mwaka 1903 kitabu juu ya mila na utawala wa wenyeji wa nchi yake, na mwaka 1911 akatoa hadithi ndefu aliyoiita Ethiopia Unbound. Watu wa namna hii walijifunza sheria ya mtawala, kisha wakaitumia kuwa ngao ya watu wao.

Tanganyika njia hiyo haikuwa wazi. Katika zama za Waingereza mawakili hawakuruhusiwa kusimama katika mahakama za wenyeji, na ofisa tawala wa wilaya ndiye aliyekuwa mtawala na hakimu kwa pamoja. Lakini pwani yetu ilikuwa na sheria nyingine, yenye vyuo vyake na vitabu vyake, ambayo ilikuwapo kabla ya bendera yoyote ya Kizungu kutwekwa. Hiyo ni sheria ya Kiislamu katika madhehebu ya Imamu Shafii, na mwanasheria wake alikuwa kadhi. Basi mtu akiniuliza ni nani hapa kwetu anayeweza kuwekwa karibu na Barnett na Casely Hayford, mimi sitamtafuta mtu wa joho na wigi, bali nitamtaja kadhi wa Tanga.

Kabla ya kumfikia mwana hatuna budi kumpitia baba, kwa sababu nchi aliyoihukumu Sheikh Ali ilikuwa nchi iliyoshindwa vitani, na vita hivyo baba yake, Hemedi bin Abdallah bin Said el-Buhriy, ndiye aliyevitungia utenzi.

Pangani ya mwaka 1888 ilikuwa mji wa pembe na sukari. Misafara iliyotoka bara ilishukia hapo, na kando ya mto palikuwa na mashamba ya miwa ambayo kazi yake ilifanywa na watumwa. Tarehe 28 Aprili mwaka huo Sultani Khalifa bin Said wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kuikabidhi Kampuni ya Kidachi ya Afrika ya Mashariki utawala wa Mrima kwa muda wa miaka 50. Watu wengi wanaposimulia habari hizi husema juu ya ushuru wa forodha, na kweli ushuru ulikuwamo. Lakini mkataba ule uliipa kampuni pia mamlaka juu ya mahakama na juu ya ardhi. Mwenye shamba la minazi huko Pangani alikuwa akiwekewa mezani swali ambalo hajapata kuulizwa: shamba hili ni lako kwa hukumu ya nani?

Wakala aliyepelekwa Pangani alikuwa Emil von Zelewski. Liwali wa Sultani, Abdulgawi bin Abdallah, alikataa kuitambua amri yake na bendera ya kampuni yake. Zelewski akaita msaada, na mwezi wa Agosti askari wa manowari Carola wakateremshwa mjini, nazo zilikuwa siku za Idi Kubwa. Wakamtafuta liwali hata msikitini. Septemba ilipoanza, watu wa Pangani walikuwa wamewafungia wale Wadachi ndani ya nyumba yao, na aliyekwenda kuwatoa ni Jenerali Mathews, Mwingereza aliyeliongoza jeshi la Sultani. Hata Mathews mwenyewe hakukaa; mji ulikuwa umekwisha kumkataa kila mtu aliyekuja na karatasi kutoka Unguja. Ndipo lilipotokea jina la Bushiri bin Salim, Mwarabu wa kabila la Harithi aliyekuwa na shamba karibu na Pangani, mtu ambaye hata Sultani hakupata kumtii kwa moyo. Vita vikaenea hata Bagamoyo na kusini. Serikali ya Kidachi ikamleta Hermann Wissmann na askari wa kukodi, wengi wao Wasudani, naye akaitwaa Pangani mwezi wa Julai 1889. Tarehe 15 Desemba mwaka ule ule Bushiri akanyongwa papo hapo Pangani.

Hemedi alivitungia vita hivi utenzi kwa desturi ya washairi wa pwani, kila kipande mizani nane, akauita Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Neno kutamalaki lastahili kuangaliwa. Wadachi wenyewe waliandika kwamba wanazima maasi, kana kwamba watu wa Mrima walikuwa raia zao walioasi. Mshairi hakulikubali jambo hilo. Kwake yeye hayakuwa maasi hata kidogo, bali ni wageni wanaoitwaa milki isiyokuwa yao, na neno alilolichagua lina mzizi mmoja na milki na malki. Katika neno moja la anwani amekwisha kutoa hukumu, kama afanyavyo kadhi, ya nani mdai na nani mdaiwa. Hemedi alitunga tenzi nyingine ndefu za dini, zikiwamo Utenzi wa Kutawafu Nabii, Utenzi wa Abdirrahmani na Sufiyani, na Utenzi wa Seyyidna Huseni bin Ali. Kwa wingi wa kazi na kwa ufundi wa lugha yumo katika safu ya mbele ya washairi wa Mrima. Lakini mwanawe hakuifuata njia hiyo, au tuseme aliifuata kwa upande mwingine. Baba aliandika jinsi mamlaka yalivyochukuliwa. Mwana aliandika kile kilichobaki baada ya mamlaka kuchukuliwa.

Kilichobaki ni nini? Wadachi walipokwisha kushinda waliweka maliwali, maakida na majumbe, wengi wao watu wa pwani wenye kusoma na kuandika, wakawatumia kutawala. Jinai na kodi zikawa za serikali. Lakini mtu anapokufa ameacha wake wawili, mama mzee na watoto saba, hakuna Mdachi aliyetaka kuigawa mali yake. Kazi hiyo iliachiwa kadhi. Waingereza walipoingia baada ya Vita Vikuu vya Kwanza waliikuta hali hiyo, wakaiacha iendelee, ila kwa sharti moja zito: juu ya kadhi na liwali alikaa ofisa wa Kiingereza, na mtu asiyeridhika na hukumu aliweza kupeleka malalamiko kwake. Ofisa huyo hakujua Kiarabu. Kiswahili alikuwa amekijua, kwa kuwa serikali iliwalazimisha maofisa wake kukifanyia mtihani. Basi mkononi mwake ilifika kesi ya mirathi ambayo sheria yake yote imo katika Minhaji ya Imamu Nawawi na sherehe zake, vitabu asivyoweza hata kuvisoma jalada.

Kutokana na haja hiyo kilizaliwa kitabu cha Mirathi. Sheikh Ali alikitunga kwa Kiswahili, na ofisa mmoja, Philip Mitchell, akakifasiri kwa Kiingereza, akatia dibaji na maelezo. Kikachapwa mwaka 1923. Mitchell huyo ndiye aliyekuja kuwa Gavana wa Uganda na baadaye Gavana wa Kenya tangu mwaka 1944 hata mwaka 1952. Watu wa Kenya wanamkumbuka kwa mambo mengine, tena si kwa mapenzi. Hapa tunamkuta bado kijana, akijifunza kugawa mafungu mbele ya mwalimu wa Tanga.

Msomaji asiyepata kusoma elimu ya faraidhi huenda akadhani kwamba ni kazi rahisi. Na atazame mfano mmoja, ambao nimeutunga mwenyewe kwa kanuni zijulikanazo na kila mwanachuoni. Mtu wa Bweni, ng'ambo ya mto wa Pangani, amekufa. Hana deni wala wasia. Ameacha mke mmoja, mama yake, watoto wa kiume wawili na binti mmoja. Mali yake ni shamba la minazi 120. Mke, kwa kuwa pana watoto, hupata thumuni, yaani fungu moja katika manane: minazi 15. Mama hupata sudusi, yaani fungu moja katika sita: minazi 20. Imebaki minazi 85, nayo ni ya watoto, mwanamume apate mara mbili ya mwanamke. Wanaume wawili ni mafungu manne, binti ni fungu moja, jumla mafungu matano. Kila fungu ni minazi 17. Basi kila mtoto wa kiume atapata 34 na binti 17. Jumlisha, utaona 120, hapakuzidi mnazi wala hapakupungua.

Nimechagua minazi 120 kwa hila, maana hesabu inakubali. Maiti wa kweli hawafi kwa hisabu njema. Hufa wameacha minazi 97, jahazi la ubia, nyumba ya udongo yenye makuti mapya, na deni kwa Mhindi. Tena yako mafungu ambayo yakijumlishwa hupita mali yenyewe. Mwanamke akifa akaacha mume, mama, na dada wawili wa baba mmoja na mama mmoja, mume ana nusu, dada wana thuluthi mbili, na mama ana sudusi. Ukihesabu kwa sita, mume ana tatu, dada wana nne, mama ana moja. Jumla ni nane, na mali ni sita tu! Hapo wanachuoni hutumia kanuni iitwayo auli: mali hugawiwa kwa nane badala ya sita, kila mrithi akapunguziwa kwa kadiri ya haki yake, asipatikane aliyetupwa nje. Hakimu aliyetoka Oxford, hata awe na akili kama upanga, hawezi kuizua kanuni hiyo kwa kufikiri tu. Lazima afundishwe. Na jambo la kutazamwa ni kwamba alifundishwa na kadhi wa Kiswahili, kwa Kiswahili.

Na hapa ndipo ninapouona ukubwa wa Sheikh Ali. Sheria hii ilikuwa imekaa katika Kiarabu na katika vifua vya masheikh. Mtu wa kawaida aliyeambiwa na kadhi kwamba fungu lake ni kadha hakuwa na njia ya kujua kama amehukumiwa kwa kitabu au kwa fadhila za mdogo wa marehemu. Walioumia zaidi ni wanawake. Mjane akiambiwa, “Haya, chukua mbuzi hawa, nyumba ni ya wanaume,” angejibu nini? Lakini thumuni ikiandikwa kwa lugha anayoinena, katika kitabu kilichopigwa chapa, mtoto wake aliyekwenda shule aweza kumsomea, na mjane aweza kusimama mbele ya liwali akasema, yangu ni fungu moja katika manane. Mlango huu ulifunguliwa na kalamu ya mtu mmoja wa Tanga miaka mingi kabla ya mtu yeyote kuzungumza juu ya haki za wanawake katika magazeti yetu.

Pwani ya Tanga ilikuwa pia na ugomvi wake yenyewe juu ya urithi, mkali kuliko wa mahali pengine. Wadigo, ambao nchi yao huanzia Tanga na kuendelea kaskazini hata kusini ya Mombasa, walikuwa tangu kale wakirithiana kwa upande wa mama: mali ya mjomba humwendea mpwa wake, mtoto wa dada. Wengi wao wakasilimu. Sasa mtu akifa, mpwa husimama akadai kwa mila, na mtoto wa kuzaa husimama akadai kwa Korani. Katika faraidhi mtoto wa dada ni katika jamaa wa mbali, hapati kitu maadamu wako wenye mafungu na wenye uasaba. Hakuna njia ya katikati hapo: ama mpwa anachukua, ama hachukui. Ofisa wa Kiingereza, ambaye serikali yake ilimwagiza aheshimu mila za wenyeji na dini zao pia, alikuwa kati ya maagizo mawili yasiyokubaliana. Kila mmoja wa watu wale wawili alisema kweli kwa upande wake. Mimi siamini kwamba mila ile ya Wadigo ilikuwa ujinga, kama walivyosema baadhi ya walimu. Ilikuwa na hekima yake, kwa kuwa ilimlinda mwanamke katika nyumba ya kaka yake. Lakini kitabu kilichopigwa chapa kina nguvu mbele ya hakimu ambayo mila isiyoandikwa haina, na tangu hapo mpwa alikwenda barazani akiwa na maneno matupu, hali mwenzake ana ukurasa.

Pana jambo la tatu, nalo ni la tarehe. Utumwa ulikomeshwa kwa sheria Tanganyika mwaka 1922. Mirathi kilichapwa mwaka 1923. Katika fikihi ya zamani, mtu akimwacha huru mtumwa wake hubaki baina yao kifungo kiitwacho walaa, na kwa kifungo hicho bwana, au wanawe, huweza kumrithi yule aliyeachwa huru ikiwa hakuacha mwasaba wa nasaba. Je, mtu ambaye hakuachwa huru na bwana wake, bali na sheria ya Gavana, ana bwana wa kumrithi? Swali hilo si la mchezo katika mji kama Pangani, ambako mashamba ya miwa yalilimwa na mamia ya watumwa, ambao watoto wao mwaka 1923 walikuwa na mashamba madogo ya mihogo na minazi yao wenyewe. Kwa familia nyingi za pwani, uhuru wa kweli haukupimwa siku ya kutangazwa, ulipimwa siku ya matanga, pale ilipoonekana ni nani atakayeketi pamoja na warithi, na nani ataambiwa atoke nje.

Nimemsifu Sheikh Ali, na sifa zangu sizirudishi nyuma. Lakini kitabu chake kilikuwa na gharama, na aliyelipa gharama hiyo ni kadhi. Kabla ya kuandikwa kwake, ofisa wa Kiingereza aliyepata kesi ya mirathi alikuwa hana budi kumwita sheikh, amketishe, amwulize, amngoje. Sheikh alikuja na heshima yake. Kikisha kuandikwa na kufasiriwa, ofisa aliweza kukifungua mezani pake, akatafuta ukurasa, akahukumu. Hekima iliyokuwa mtu ikawa kitu. Tena kitabu hakina uso: hakimwoni mjane aliyekuja na watoto wachanga, hakijui kwamba yule anayejifanya ndugu wa baba mmoja ni mtu wa kudandia. Kadhi mzuri hujua hayo, kwa kuwa anaishi mtaani pamoja nao na husali nyuma ya watu hao hao. Casely Hayford aliandika juu ya mila za nchi yake akiwaambia Waingereza, haya ni yetu, msiyaguse. Sheikh Ali aliandika juu ya sheria ya dini yake, na Waingereza wakachukua kitabu, wakaitia katika kazi zao. Huenda mtu akasema kwamba alidanganywa. Mimi naona aliijua hatari hiyo, akaona hatari ya pili kuwa kubwa zaidi: kwamba kama yeye hataandika, Mwingereza ataandika mwenyewe, kutoka vitabu vya Wahindi wa madhehebu ya Hanafi, ambavyo mahakama za Bombay zilikwisha kuvizoea. Hiyo ingekuwa sheria ya Waislamu wa nchi nyingine iliyoletwa na meli.

Hakuwa mwanasheria peke yake. Katika miaka ya 1930 maandishi yake juu ya habari za Mrima yalitolewa katika Mambo Leo, gazeti la kila mwezi lililoanzishwa na serikali Dar es Salaam mwaka 1923. Gazeti lile lilikuwa la serikali, na msomaji wa leo aweza kulibeza kwa sababu hiyo. Asifanye haraka. Mtu wa Mrima aliyetaka kuzihifadhi habari za mababu mara nyingi alizitia katika utenzi, au alizikariri kwa mdomo. Habari za mji kuandikwa kwa maneno ya kawaida, zikapigwa chapa kwa nakala maelfu, zikasomwa Kigoma na Songea na watu wasiopata kuiona bahari, hilo lilikuwa jambo kubwa. Baba alikuwa amesimulia kwa mizani nane na vina, kwa wasikilizaji wa pwani waliojua kila jina na kila kijiji. Mwana alipaswa kueleza. Nathari ya namna hiyo ni ngumu kuliko watu wanavyodhani. Mshairi akikwama husaidiwa na kina. Mwandishi wa nathari akikwama hana wa kumsaidia. Wala si ajabu kwamba aliyeiweza ni kadhi, mtu ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kusikiliza maneno marefu ya watu wenye hasira na kuyafupisha kuwa hukumu.

Kitabu chake cha pili cha sheria, Nikahi, juu ya ndoa na talaka, kilifasiriwa na J. W. T. Allen na kuchapwa na mpiga chapa wa serikali Dar es Salaam mwaka 1959. Jina hili la Allen latuonyesha mkutano wa ajabu kidogo. Mzee Roland Allen, padre wa Kiingereza aliyefariki Nairobi mwaka 1947, aliufasiri katika uzee wake Utenzi wa Abdirrahmani na Sufiyani wa Hemedi. Mwanawe, J. W. T. Allen, aliyekuwa ofisa katika Tanganyika, akautolea utenzi wa vita vya Wadachi chapa mwaka 1955 pamoja na jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki, na tena mwaka 1960 ukiwa wa kwanza katika mfululizo wa Johari za Kiswahili. Abdirrahmani akafuata mwaka 1961, na Seyyidna Huseni mwaka 1965. Baba wa Kiingereza alimfasiri baba wa Mrima, na mwana wa Kiingereza akamfasiri mwana wa Mrima. Baadaye Allen alizunguka pwani akikusanya hati za zamani kwa ajili ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na orodha ya hati hizo ikachapwa mwaka 1970.

Vitabu viwili vya kadhi wa Tanga havikupata maisha sawa. Nikahi kilitoka nchi ikiwa imebakiwa na miaka miwili tu kufikia Uhuru. Miaka ya mwanzo ya 1960 serikali mpya iliunganisha mahakama za nchi, na kadhi wa bara akapoteza kiti chake cha hukumu. Unguja na Pemba makadhi walibaki, nao wana mahakama zao hata leo. Mwaka 1971 ikaja Sheria ya Ndoa, ambayo iliwachukua Waislamu, Wakristo, Wahindu na wenye kufuata mila ikawaweka chini ya kanuni moja, na talaka isitambuliwe na serikali mpaka mahakama iitamke. Sehemu kubwa ya mambo aliyoyaeleza Sheikh Ali katika Nikahi, kwa upande wa serikali, ikawa elimu ya msikitini.

Mirathi haikuguswa. Majaribio ya kutunga sheria moja ya urithi kwa Watanzania wote yamesemwa mara nyingi na kuachwa mara nyingi. Hata leo Mwislamu wa Pangani akifa, na jamaa zake wasikubaliane, shauri lao huenda mahakama ya mwanzo, mbele ya hakimu ambaye huenda ni Mkristo kutoka Mbeya au Bukoba, na ikionekana kwamba marehemu aliishi kwa dini yake, hakimu huyo hana budi kugawa kwa thumuni na sudusi, kwa Kiswahili.